Mbegu ya Maziwa Iliyokwenda Gehandu

Ukutani jikoni kwangu hapa Nambis, Mbulu, upande moshi unakopanda, kuna misumari ya kutundikia vibuyu vya maziwa. Kile kikubwa kilichokuwa kikikaa katikati kimeshonwa kiraka cha ngozi shingoni mahali kilipopata ufa. Nilipewa na mama mkwe nilipoolewa, naye alipewa na mkwewe. Maziwa yake hayakuwahi kuisha. Nikisema hayakuwahi kuisha sisemi muujiza wa kanisani. Unapomimina mgando unabakiza kidogo chini, ile ndiyo mbegu. Unamimina maziwa mengine juu yake, nayo yanaganda kwa tabia ya yale ya zamani, ukali uleule, harufu ileile. Nyumba ina sura yake na maziwa yake yana sura yake. Nikifumbwa macho nikaonjeshwa mgando wa jirani, nitakuambia umetoka kwa nani.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini majina hayanipotei. Kila mwanamke niliyempa mbegu kutoka kibuyu kile namkumbuka jina lake, jina la mama yake, na jina la ng'ombe aliyekuwa akimkamua siku hiyo. Hapa sitayaandika. Wengine wako hai, na hawakunituma kuwatangaza. Lakini ninayo, na utaona yalinifaa nini.

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alichanwa na plau. Ilikuwa wakati wa kulima, ng'ombe wakashtuka, jembe likaruka na ncha yake ikampasua muundi. Yeye akafunga kitambaa akamaliza shamba, maana ndivyo alivyo. Baadaye mguu ukavimba ukawa kama gogo, ukaanza kunuka, tukampeleka hospitali. Alilazwa muda mrefu, sindano asubuhi na jioni, na vidonge juu ya sindano. Mimi nililala chini ya kitanda chake kwenye mkeka. Mguu haukukatwa. Kwa hilo namshukuru Mungu na wale waliochoma sindano.

Lakini tulirudi nyumbani na mzee mwingine. Yule niliyemjua alikuwa akila ugali mpaka sahani inaogopa. Huyu alikula vijiko viwili akageuka ukutani. Na hata hivyo viwili havikukaa, vilimpita kama maji kwenye mfereji. Alikonda mpaka mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya. Na kidonda, ambacho hospitali kilikuwa kimeanza kuwa chekundu kizuri, kikasimama. Hakiozi, hakifungi.

Tulipomrudisha kliniki, daktari alikuwa binti mdogo, rika la wajukuu zangu. Alikipima kinyesi, akampima damu, akasema ugonjwa mbaya hauonekani. Kisha akavuta kiti akakaa karibu yangu.

"Bibi, unaujua mnada?"

"Nisiujue mnada mimi?"

"Basi tumboni mwa mtu ni mnada. Kuna vijidudu wengi kuliko watu wa Mbulu na Hanang wakikusanyika. Wezi wamo, lakini walio wengi wana biashara zao halali. Wanasaga chakula, wanatengeneza vitamini, wanawafukuza wageni wabaya. Babu alikuwa na wezi mguuni, tukamwita polisi, ndiyo zile sindano. Sasa polisi huyu hachagui. Ametawanya mnada wote. Wezi wamekimbia, na mama wa vitumbua naye amekimbia."

Mzee akafungua jicho moja. "Kwa hiyo tumbo langu ni uwanja mtupu?"

"Wamebaki wachache, babu. Watazaana. Lakini wanahitaji wenzao na wanahitaji kula." Akanigeukia mimi. "Mpe mgando, kidogo kidogo, bibi, lakini maziwa yachemke kwanza kabla ya kugandishwa, asije akapata homa inayotoka kwa ng'ombe. Mpe makande, maharage, mlenda. Wale vijidudu wanapenda makapi ya mboga kuliko sisi. Mwili usipopata chakula, kidonda hakina cha kujishonea. Mguu huu tuliuokoa, lakini usipofunga unaweza kutuharibikia tena."

Nilitoka pale moyo mwepesi. Mgando tu? Mgando ninao ukutani, nilijiambia, umeanza kabla ya mimi kuzaliwa.

Wakati tuko hospitali, nyumba aliishika mke wa mwanangu wa mwisho. Yeye ana duka la nguo Babati, alilifunga akaja kututunzia ng'ombe na kuku, na hajakulia kwenye ng'ombe. Kwetu mkwe akiachiwa nyumba hakai mikono mitupu. Mama mkwe akirudi lazima aone kazi ya mkono wake, vinginevyo itasemwa alikuja kulala. Na binti yule ni mchapakazi. Alipaka kuta udongo mweupe, alipalilia vitunguu, alipanga kuni kwa urefu wake. Nilimsifu kutoka mlangoni mpaka jikoni. Nikashusha kibuyu kikubwa, nikafungua kifuniko, nikanusa.

Kilinuka maua.

"Shikamoo tena, mama," akasema kwa furaha, amesimama nyuma yangu. "Umeviona? Vilikuwa vyeusi ndani! Nilivisugua kwa sabuni ya unga, vikakataa. Nikavilaza na ile dawa ya kutoa madoa, nikavianika juani. Sasa vimetakata."

Weusi ule ulikuwa mkaa. Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unachoma kijiti cha mzeituni wa porini mpaka kiwe kaa jekundu, unakiingiza ndani, unasugua kwa kijiti kilichofungwa nywele za mkia wa ng'ombe, unakung'uta. Moshi unafukuza kinachooza, na kile cha kugandisha kinabaki kwenye vinyweleo vya kibuyu. Yeye alikuwa ameondoa vyote, moshi, mkaa na mbegu. Vibuyu vyote vitatu.

Anayekufanyia usafi hakemewi, hasa mbele ya jiko lako. Lakini uso wangu ni mbaya kwa kuficha.

"Mama, nimekosea?"

Mzee akajibu kutoka kitandani, chumba cha pili, "Hujakosea, mwanangu. Umeita polisi."

Tulicheka, hata yeye alicheka ingawa hakujua habari ya mnada. Nilipomweleza, alikaa chini akafunika uso kwa khanga.

Tulijaribu. Nilichemsha maziwa, nikayapoza, nikayatia kwenye kibuyu kilekile. Yalitengana maji na mabonge, machungu, nikampa mbwa, naye akanitazama. Mkwe akaenda mjini akarudi na mtindi wa pakiti. Mtindi mzuri, sina neno nao, wajukuu wanaupenda. Mzee akaweka ulimi akarudisha kikombe.

"Hii ina harufu ya wodi."

"Baba, daktari amesema..."

"Daktari amesema mgando. Haya ni maziwa yaliyopotea njia."

Majirani nao wakaniletea mgando wao, Mungu awabariki. Mzee alionja wa jirani wa kulia na wa kushoto, kijiko kimoja kimoja kwa heshima, akageukia ukuta. Usinielewe vibaya, hakuwa anadeka. Mtu ambaye tumbo limemkimbia anachagua kama mjamzito. Koo lake lilikuwa linatafuta kitu kimoja linachokijua, na kitu hicho kilikuwa kimekwenda na maji ya sabuni. Nami kila asubuhi nilikuwa nikifungua kitambaa naangalia kidonda, kimetulia vilevile, kimenikodolea.

Ndipo nikakaa kwenye kigoda mlangoni nikaanza kuwaita wanawake kwa majina yao, kimoyomoyo, mmoja baada ya mwingine. Mbegu nimegawa maisha yangu yote. Mbegu ikitoka kwangu ikaenda kwako, bado ni yangu na ni yako. Nikamkumbuka wa bondeni, aliuza ng'ombe akasomesha. Wa karibu na kanisa anatumia ndoo ya plastiki, na plastiki haishiki mbegu, kila mara anaanza upya. Mwingine alikufa, na binti zake hawanywi maziwa, wanasema yanawajaza gesi. Nikamkumbuka wa Jorodom, pale Katesh, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Mkwe akampigia simu, akaniwekea sikioni.

"Ndugu yangu," rafiki akasema, "tope lile la maporomoko ya mlima Hanang lilipoingia ndani lilichukua jiko zima. Mimi na watoto tulitoka. Vibuyu havikuwa na miguu."

Nilimpa pole upya, ingawa tulikwisha kupeana pole zamani na kulia tukamaliza. Kisha akasema, "Lakini umemsahau yule wa Gehandu?"

Sikuwa nimemsahau. Nilikuwa naogopa kumfikia, maana baada yake hakukuwa na mwingine.

Yule ni binti wa jirani yangu marehemu. Alipendana na kijana wa wafugaji wa uwanda wa Hanang, watu wa ng'ombe wengi na shanga nyingi, wasio wa kanisa. Mama yake alikasirika. Kwetu binti akiolewa anatoka na kibuyu chenye mbegu ya nyumba ya mama yake, lakini siku ya kuondoka mama yule alikaa ndani akasema, "Nimpe maziwa awapelekee wenye ng'ombe? Si ni kumpelekea mto maji!" Binti akatoka mikono mitupu analia. Mimi nilikuwa uani. Nikaingia kwangu, nikajaza kibuyu kidogo, nikamwekea mkononi. Sikufikiri sana, niliona tu vibaya mikono ile iwe mitupu.

Mkwe alitafuta namba yake kwa watu wa watu, akaipata kabla chai haijapoa. Simu zina faida. Nikaeleza habari ya mguu na ya vibuyu vilivyooshwa. Sauti ya Gehandu ikasema, "Mama mdogo, shikamoo! Kipo. Njoo."

Tulimwacha mzee na mwanangu, tukapanda basi la Katesh, mimi na mkwe wangu. Aliomba mwenyewe kwenda. Tukalala Jorodom kwa rafiki yangu, katika nyumba yake mpya ya matofali. Mlima umesimama palepale, na kovu lake linaonekana, majani yameanza kulifunika. Alitupikia loshoro, mahindi yaliyokobolewa yakaiva laini na kuchanganywa na mtindi, wa dukani. "Samahani kwa maziwa," akasema. Nikala yote.

Kesho yake tukafika Gehandu. Yule binti sasa ni mama mtu mzima, amenenepa vizuri, ana msalaba shingoni na bangili za shaba mikononi, vyote viwili. Alinikumbatia, akatukaribisha kwa mama mkwe wake, bibi aliyenizidi umri, amekaa kwenye ngozi anapepeta mtama. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, akanikagua. "Wewe ndiye wa milimani uliyetuletea maziwa?"

"Ndimi, bibi."

"Tulicheka siku ile mpaka jua likazama. Walaji wa maharage wametuletea maziwa!" Akatema pembeni kwa raha. "Halafu tukayaonja."

"Mkaonaje?"

"Tukaacha kucheka."

Mkwe wangu akacheka mpaka akajishika mdomo. Bibi akamgeukia. "Na wewe ndiye uliyeosha?"

Nilimwona binti wa watu anatafuta shimo la kuingia. "Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nilipoolewa nilimkamua ng'ombe wa mkwe upande usio wake, akanipiga teke nikavunjika jino. Tazama." Akafungua mdomo. "Hakuna mkwe asiyeharibu kitu. Anayeharibu kwa mikono ni nafuu, kuliko anayeharibu kwa mdomo."

Binti wa jirani yangu akaleta kibuyu. Kilekile kidogo nilichompa, sasa kimezungushiwa shanga. "Sijakiacha kitupu, mama mdogo," akasema. "Ukame ulipokuja ng'ombe wakahamishwa mbali, nikawa nakilisha maziwa ya mbuzi, kidogo kidogo, ili tu mbegu isife. Siku hizi nachemsha, tangu mtoto wangu apate homa ile ya ng'ombe. Yanaganda vizuri tu. Mama yangu alipokuja kuniangalia kabla hajafa, alikunywa maziwa haya. Aliomba tena."

Mbegu haiuzwi, na haitolewi kimyakimya. Mwenye nyumba anaonja kwanza mbele yako, ujue anakupa anachokunywa mwenyewe. Binti akaonja. Kisha bibi akakipokea, akajaza kinywa, akanipulizia maziwa kifuani na mikononi, anasema maneno ya lugha yao ambayo sikuyajua yote, nilishika mtoto, ng'ombe na mguu. Mimi ni mama wa kanisa. Mkono wangu ulianza kwenda kwenye leso, nikaurudisha. Baraka ni baraka, nikaiacha ikauke yenyewe.

"Nendeni nacho hichohicho," bibi akasema. "Chenu bado kinanuka sabuni. Na kisiguse ardhi njiani. Ila mnajua, kibuyu hakirudi kitupu."

"Najua, bibi. Hata kwetu ni hivyo."

Kwenye basi utingo akataka kukiweka chini ya gari na mizigo. Mkwe wangu akakikumbatia. "Huyu ni mgonjwa wetu," akamwambia, "anasafiri na mimi." Tulipokezana, mapaja yangu na mapaja yake, mpaka Mbulu. Alipolala bado mikono yake ilikuwa imekishika shingo kama mtoto, nikamtazama, nikaona nyumba yangu haitakuwa na shida nikiondoka.

Nyumbani nilichemsha maziwa ya jioni, nikayaacha mpaka kidole kikavumilia, nikayamimina juu ya mbegu. Nikafunika, nikatundika. Sikulala vizuri, nakiri, kama mtu mwenye ng'ombe anayezaa. Asubuhi nilipokitikisa kilitoa sauti nzito, ile ya kitu kilichoshikana. Nikamimina kwenye bakuli, nikampelekea.

Mzee akanusa kwanza. Akaonja. Akakaa na kijiko mdomoni kama mtu anayesikiliza kitu mbali. Nikajiandaa kwa ukuta.

"Haya ya mama," akasema.

Alimaanisha mama yake, aliyezikwa nyuma ya mzambarau pale nje, miaka mingi iliyopita. Akala, akafika chini, kijiko kikakwaruza bakuli. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu kabla ya plau. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, akatoka nje haraka, akasema anaangalia kuku.

"Mbona kidogo?" mzee akaniuliza.

"Daktari alisema kidogo kidogo."

"Daktari hajaonja hii."

Haikuwa siku moja. Kwanza mgando peke yake, kisha loshoro, kisha mlenda, kisha makande yenye maharage ya shamba letu. Tumbo likaguruma, likabishana, likatulia. Siku moja alirudi chooni akatangaza kwa sauti, mbele ya wageni, kwamba mnada umefunguliwa. Nilimwonea aibu, nikamfurahia. Nyama ikaanza kurudi usoni. Kidonda kikaanza kujivuta kutoka kingo, pembeni pakawa papya, pekundu, kama ngozi ya mtoto.

Kliniki daktari yule binti akakikodolea macho. "Bibi, umempa nini?"

"Ulichosema. Kilikuwa mbali kidogo."

Nikamsimulia yote, mpaka sabuni. Akacheka, akasema hawezi kuniapia kama ni mgando, au ni makande, au ni siku zilizopita, mwili una njia zake. "Vyote vilikuwa upande wetu," akasema, "kwa hiyo msiache hata kimoja." Hilo nalikubali. Mimi sisemi kibuyu kiliponya mguu. Sindano ziliokoa mguu, na mbegu ilimrudisha mwenye mguu mezani.

Mkwe alirudi Babati na kile kibuyu kikubwa cha katikati. Alikifukiza mwenyewe kwa mzeituni, siku baada ya siku, mpaka harufu ya maua ikashindwa, kisha akatia mbegu. Ananipigia simu kuniambia kimeganda vipi, nami namuuliza sauti yake ikoje kikitikiswa, ananitikisia kwenye simu. Cha pili nilikiacha kwangu. Cha tatu kiko Jorodom kwa rafiki yangu, ambaye sasa haombi samahani kwa maziwa.

Kikabaki kidogo cha shanga, cha Gehandu, kinachongoja kurudi. Juzi nilikijaza asali ya hapa kwetu Nambis, maana kuwarudishia maziwa wangecheka tena mpaka jua lizame. Nikasema nitakipeleka mwenyewe Jumamosi.

Mzee alikuwa amekaa kitandani, ameshika kiatu chake cha kanisani. Tangu plau kiatu kile hakikuingia mguuni, kwa uvimbe kwanza, kwa kitambaa baadaye. Akakilegeza kamba, akaingiza vidole, akasukuma. Kikaingia. Akakikanyagisha sakafuni mara moja, akasikiliza.

"Kibuyu utakishika wewe au mimi?" akaniuliza. "Njia ni ndefu, na umesema hakigusi chini."